Kumsema Lomolomo

Mwenye kulala katika chumba cha nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Unguja, akatazama juu kabla usingizi haujamchukua, huziona boriti zimelala sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti hizo ni miti ya mikoko, na nyingi zilikatwa katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini, zikavushwa hadi visiwani na hata Arabuni. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, wala fundi hakuwa na njia ya kuuzidisha. Kwa hivyo watu wa visiwani wameishi miaka mingi chini ya miti ya Rufiji, wakaoana chini yake, wakagombana, wakasuluhishwa. Yaliyosemwa chini ya boriti hayakutoka nje. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nyumba yenye heshima ni ile ambayo jirani hasikii kitu.

Huko miti ilikotoka sheria ni hiyo hiyo. Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kumwaga maji yake mkabala na kisiwa cha Mafia, na sehemu ya kaskazini ya delta hiyo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo wa 2010. Mikoko yake imetanda juu ya zaidi ya hekta 50,000. Vijiji vingi hufikiwa kwa mtumbwi au boti, na anayesafiri hupanga safari yake kwa kujaa na kupwa kwa maji. Watu hulima mpunga, huvua samaki na kamba. Msimu wa shamba familia huhamia mashambani na kulala katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu hulinda mazao yake dhidi ya ndege, nguruwe na kiboko. Wavuvi nao huenda dago, wakakaa wiki kadhaa. Mtoto anayesoma sekondari, ikiwa shule iko mbali na kwao, hupangishiwa chumba karibu na shule, akajipikia na kujilea na wenzake. Vyumba hivyo wanafunzi wenyewe huviita mageto.

Ni katika shule moja ya kata ya sehemu hizo kwamba mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mzaliwa wa Mafia, alikuwa akifundisha fasihi mwaka 2018. Kidato cha nne kilikuwa na nakala tatu za kitabu kimoja. Kwa kuwa nakala tatu hazitoshi darasa zima, mwalimu alisoma kwa sauti, na wanafunzi wakasikiliza kama wasikilizavyo hadithi za usiku.

Kitabu chenyewe ni Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa riwaya teule za kidato cha tatu na cha nne. Wapenzi wa tamthiliya wanamjua Mbogo kwa Ngoma ya Ng'wanamalundi, lakini ni vijana wengi zaidi waliomjua kwa riwaya hii. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Mama yao anauza chakula ili nyumba isimame, na baba yao, Lomolomo, ni mlevi. Watoto wanaishia kutafuta riziki jalalani. Hapana mfalme wala jini katika kisa hicho. Pana nyumba tu, na watoto ndani yake.

Riwaya za namna hii zina ukoo wake, na ukoo huo, kwa wapenzi wa ushairi, unaanzia mbali. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa na mume wake ameshafariki, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Mama ndiye msemaji tangu mwanzo hadi mwisho. Binti anaambiwa akae karibu, ashike wino na karatasi, asikilize. Utendi umehifadhiwa na kupendwa, nao unastahiki. Ila hatujui binti alijibu nini. Tunajua alilousiwa, alilokutana nalo baadaye hatukuambiwa.

Riwaya ilipokuja, binti alipewa zamu yake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, alimleta mbele ya wasomaji msichana aliyelelewa na baba mlevi na mkali. Rosa alifungiwa asiwajue wanaume, akaja kuwajua pasipo kuwa na mtu wa kumwongoza, na kisa chake kikaishia mautini. Kitabu kilizuiliwa mashuleni kwa muda, kwa hofu kwamba kingewaharibu vijana. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed, Mpemba, akatoa Utengano, ambamo Maimuna anatoroka nyumba ya Bwana Maksuudi, mtu wa heshima barazani na katili sebuleni kwake. Katika riwaya zote mbili baba ndiye chanzo, na binti ndiye anayelipa. Mtu mzima akisoma huona onyo kwa wazazi. Kijana akisoma huona jambo jingine, na jambo hilo ndilo mwalimu wa delta alilofundishwa na wanafunzi wake.

Mtihani huuliza ujumbe. Mwanafunzi hodari huandika kwamba ulevi ni mbaya, kwamba umaskini huvunja familia, kwamba jamii iwajali watoto, akapata alama zake. Majibu hayo ni ya kweli na hayana uhai. Mwalimu aliyasahihisha kwa miaka, daftari baada ya daftari, hata akaweza kuyamalizia sentensi zake kabla hajafika mwisho wa mstari. Mwaka ule yalizidi kuwa mafupi. Kati ya mwaka 2016 na 2017 Kibiti na Rufiji zilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji, raia wengine na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa katika eneo la Jaribu. Watu walijifunza kutotaja majina. Watoto waliokulia katika miezi ile walijua zaidi ya wenzao wa mahali pengine kwamba neno likitoka halirudi, na kwamba anayeulizwa habari za nyumbani kwao hujibu kuwa ni njema.

Basi mwalimu alibadili swali. Badala ya kuuliza nani wa kulaumiwa, aliwataka waandike ukurasa mmoja wa siku ambayo Mbogo hakuisimulia: siku yoyote katika nyumba ya Lomolomo.

Madaftari mengi yalirudi na ulevi ule ule. Daftari moja lilikuwa na habari nyingine. Liliandikwa na msichana ambaye katika miaka mitatu hakuwahi kunyoosha mkono. Katika ukurasa wake Lomolomo hakuwa amelewa. Aliamka alfajiri, akapaka lami mtumbwi, akamwambia Zita asisahau kubeba maji ya kunywa. Jioni alirudi na kamba wachache, akamchagulia Zita wakubwa. Mwisho wa ukurasa paliandikwa: "Lomolomo si mbaya kila siku. Mtumbwi ameuuza."

Mtumbwi haumo katika kisa cha Mama Ntilie. Mwalimu alielewa kwamba hakuwa akisoma tena habari za Lomolomo wa Mbogo. Angeweza kumwita msichana ofisini na kumwuliza kuna nini nyumbani. Kama angefanya hivyo, hapana shaka angejibiwa kuwa nyumbani kwema. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya ukurasa: "Mama Ntilie anajua kwamba mtumbwi umeuzwa?" Akalirudisha daftari pamoja na mengine.

Daftari lilikuja tena baada ya siku nne. Mama Ntilie alikuwa akijua. Mtumbwi umeuzwa kulipa deni la tajiri, yule mwenye nyavu na barafu, anayewakopesha wavuvi na kununua kamba wao kwa bei aitakayo yeye. Deni halikwisha. Kalamu nyekundu ikauliza: "Limebaki kiasi gani?" Jibu likaja bila ya tarakimu: "Tajiri amesema ana mtoto wa ndugu yake ambaye hajaoa. Zita hajaambiwa. Amesikia usiku."

Msomaji wa Abdulrazak Gurnah atalijua deni la namna hii. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo tangu mwaka 2022 tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Yusuf mwenye umri wa miaka 12 anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, na ni baadaye anapojua kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Mwaka 2018 mwalimu hakuwa amekisoma kitabu hicho, na hakukihitaji ili kujua kilichokuwa mbele yake. Alilolihitaji ni kujua nini cha kufanya.

Sheria ilikuwapo, tena ilikuwa ikijipinga. Sheria ya Ndoa, iliyotungwa mwaka 1971, mwaka ule ule wa Rosa Mistika, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alisubiri miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na hukumu ile ikathibitishwa na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019. Shauri lilikuwa bado halijaisha siku daftari lilipokuwa mezani. Lakini mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, na adhabu kwa wanaosaidia ndoa hiyo. Kwa sheria hiyo ya pili mwalimu angeweza kwenda kwa mtendaji wa kata siku ile ile.

Msichana, kwa namna ambayo mwalimu hakuitazamia, alikuwa ameshalifikiria hilo. Katika ukurasa uliofuata hapakuwa na hadithi. Palikuwa na mistari miwili: "Mwalimu, usimfunge Lomolomo. Akifungwa, Zita atakuwa ndiye aliyemsema."

Hapo ndipo panapofahamika kitabu cha aina hii kinamfanyia nini kijana. Watu wa pwani hawakungoja riwaya ili kusema mambo ya nyumbani. Wamekuwa wakiyasema kwa jina la kanga, kwa wimbo wa taarabu, kwa fumbo la malenga anayemtaja ndege akimkusudia mtu. Fumbo halikuundwa ili kuficha tu. Limeundwa ili lisemwe lile ambalo likisemwa wazi litamvunjia mtu sitara yake, na ili msemwa apate nafasi ya kujirekebisha pasipo kuaibishwa mbele ya watu. Riwaya ya Mbogo, katika mikono ya msichana yule, ilikuwa fumbo refu. Ilimpa jina la kumwitia baba yake ambalo si la baba yake. Bila ya jina hilo angebaki na njia mbili, kunyamaza au kusaliti, na mtoto mwenye adabu hunyamaza. Kila anayeshangaa kwa nini vijana wapewe visa vya walevi na nyumba zilizovunjika, ilhali wana huzuni zao za kuwatosha, na alipime hilo. Kisa cha huzuni ya mwengine humpa mtu lugha ya kuisemea yake.

Hata hivyo fumbo lina mpaka. Likikaa muda mrefu mno bila ya mtu wa kulifumbua, msemaji hubaki na shida yake na ufundi wake. Mwezi wa Novemba na mtihani wake ulikuwa unakaribia, na mavuno ya kamba hayangelipa deni. Jumamosi moja, maji yalipojaa, mwalimu alipanda mtumbwi wa abiria akaenda kijijini kwa kina msichana. Alichukua nakala moja ya kitabu.

Baba alikuwa dago. Mama alikuwa uani, na bibi mzaa mama amekaa kwenye jamvi akisuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae, jua kali."

Walizungumza habari za mvua, za mpunga, za Mafia na watu wake. Mwalimu hakumtaja msichana, wala deni. Ni mama aliyeanza, na alianza kwa mbali.

"Mwalimu, ni kitabu gani hicho mnachosoma? Mwanangu alipokuja Idi alitusimulia mpaka usiku mkubwa. Bibi yake akamwuliza huyo mwanamume ni wa kijiji gani."

Mwalimu akakitoa kitabu, akawasomea. Alisoma kurasa za mwanzo, za ada na sare, za mama anayeamka kupika ili auze, za mume anayerudi mikono mitupu. Bibi aliendelea kusuka. Mama alikuwa ameacha kupepeta mchele, ungo umelala magotini. Mwalimu alipofunga kitabu pakawa kimya, na ni mama aliyeuliza:

"Huyu Mama Ntilie, hana kaka?"

Katika miaka yote ya kukifundisha kitabu hicho mwalimu hakuwahi kuulizwa swali hilo. Wanafunzi waliuliza kwa nini Lomolomo anakunywa, kwa nini shule haina huruma, kwa nini serikali haioni. Hakuna aliyeuliza habari za mjomba, na katika nyumba za pwani ile mjomba ndiye mtu ambaye shemeji humsikiliza hata pale asipomsikiliza mkewe. Mwalimu alikuwa bado akitafuta jibu, na bibi akajibu kwa niaba yake, pasipo kuinua macho kutoka kwenye ukili.

"Kaka anaye. Yuko Kibiti. Hajapelekewa habari."

Hakuna aliyesema zaidi. Mwalimu alipewa wali na samaki, akala, akashukuru, akaondoka na maji ya kupwa. Alichokiacha nyuma yake ni ile nakala ya kitabu, ambayo mama alimwomba abaki nayo mpaka Jumatatu.

Mjomba alifika kabla ya wiki mbili kwisha. Aliyoyazungumza na shemeji yake mwalimu hakuyajua, wala hakuuliza. Alichoona ni kwamba msichana hakuondoka shuleni, na kwamba mwezi wa Novemba aliingia katika chumba cha mtihani na wenzake. Posa haikuvunjwa siku ile. Iliahirishwa, na kuahirisha si sawa na kuvunja. Deni lilibaki, ila lilihamia mabega mawili badala ya moja. Mtumbwi haukurudi. Hakuna riwaya iliyowahi kumrudishia mvuvi mtumbwi wake, na anayeinadi fasihi kwa ahadi kama hizo huikosesha heshima yake.

Pamoja na hayo, jambo moja la haki lilitendeka. Sheria ya mwaka 2016 ingeweza kumlinda msichana dhidi ya ndoa, lakini isingemwuliza anataka nini. Ndoa nayo isingemwuliza. Utendi wa kale, pamoja na mapenzi yake yote, ulimwambia akae asikilize. Daftari lilimwuliza, na akajibu kwa muda wake, kwa jina alilolichagua: anataka amalize shule, na anataka baba yake asifungwe. Mambo hayo mawili watu wazima huyaona kuwa hayapatani. Kwa mtoto ni jambo moja, kwa kuwa nyumba anayotaka kuokolewa nayo ndiyo nyumba anayotaka irudi kusimama.

Katika delta ile wapo wengi wenye kisa. Wapo waliobaki peke yao katika mageto msimu wa shamba, wapo waliofukuzwa na mafuriko, wapo ambao baba zao hawakurudi mwaka 2017 na hawajui waseme wamekwenda wapi. Kinachotakiwa ni riwaya zao, zenye mikoko na maji ya kupwa ndani yake, ili msomaji wa kidato cha nne asilazimike kuupeleka mtumbwi wa baba yake mjini kwa Mama Ntilie. Atakayeziandika, na huenda ameketi sasa katika mojawapo ya mageto hayo, atahitaji kuijua sitara ya watu wake kabla ya kuijua kalamu.

Siku ya mwisho ya mtihani msichana alikuja ofisini kurudisha vitabu vya shule. Juu ya vitabu aliweka daftari. Mwalimu hakulifungua mbele yake. Waliagana, msichana akaenda kusubiri boti pamoja na wengine wenye magodoro na ndoo zao. Usiku, kwa taa ya sola, mwalimu alilipekua. Kurasa za Zita na Lomolomo zilikuwa pale pale, pamoja na wino mwekundu. Baada yake palikuwa na ukurasa mmoja mpya ambao haukuombwa na mwalimu wala hautasahihishwa. Ulianza hivi: "Baba yangu huamka alfajiri."

Mwalimu aliusoma hadi mwisho, akalifunga daftari, na wala hakuandika kitu.